Kicheko na Wajibu wa Kuzika: Mgawanyiko wa Maoni ya Watazamaji kuhusu Tamthilia ya Killing Eve

Ikisiri

Tamthilia ya televisheni ya Killing Eve (2018–2022) ilipokewa kwa shangwe ilipoanza na kwa manung'uniko ilipokwisha. Tofauti hiyo imezoeleka kuelezwa kwa njia mbili: ama ubora wa uandishi ulishuka kadiri misimu ilivyoendelea, ama watazamaji hutofautiana tu katika kiasi cha ukatili wanachoweza kukivumilia. Makala haya yanaonyesha kuwa maelezo yote mawili hayatoshelezi. Kwa kuoanisha nadharia ya upokezi na dhana ya utani wa msibani kama inavyofahamika katika jamii nyingi za Tanzania, makala yanadai kuwa ubishi wa watazamaji ulihusu haki: nani ana ruhusa ya kucheka mbele ya kifo, na ruhusa hiyo hulipiwa kwa nini. Hoja kuu ni kwamba haki ya kucheka msibani hutokana na wajibu wa kuzika. Pale tamthilia ilipoutimiza wajibu huo, watazamaji wengi walicheka bila kinyongo. Pale ilipoutupa, kicheko kiligeuka kuwa tusi.

1. Utangulizi

Tarehe 8 Aprili 2018 kituo cha BBC America kilianza kurusha Killing Eve, tamthilia ya ujasusi iliyotokana na hadithi za Luke Jennings, mwandishi wa Uingereza. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 10 Aprili 2022. Katika misimu minne yenye sehemu nane kila mmoja, watazamaji waliwafuata wanawake wawili. Eve Polastri, anayeigizwa na Sandra Oh, ni mtumishi wa ofisini katika MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Villanelle, anayeigizwa na Jodie Comer, ni muuaji wa kukodiwa mwenye asili ya Urusi, anayeishi Paris katika anasa. Eve anamsaka Villanelle. Kusaka kunageuka kuvutiwa, na kuvutiwa kunazaa mapenzi yasiyo na pa kukaa.

Msimu wa kwanza, ulioongozwa kiuandishi na Phoebe Waller-Bridge, ulipata mapokezi ambayo tamthilia chache za ujasusi zimewahi kuyapata. Mwaka 2018 Sandra Oh alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia. Mwaka 2019 tamthilia hiyo ilitwaa tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora, huku Jodie Comer na Fiona Shaw nao wakituzwa kwa uigizaji wao. Comer alipata Emmy mwaka huohuo. Baada ya hapo kila msimu ulipewa mwandishi mkuu mpya: Emerald Fennell (2019), Suzanne Heathcote (2020) na Laura Neal (2022). Tathmini za wahakiki zilishuka msimu baada ya msimu, na sehemu ya mwisho ikawagawa watazamaji vibaya. Jennings mwenyewe alijitokeza hadharani kuipinga, akiiona kuwa imesalimu amri kwa mazoea na kuwaadhibu wanawake wawili ambao riwaya zake ziliwaacha hai.

Swali linaloongoza makala haya si iwapo mwisho huo ulikuwa mzuri au mbaya. Swali ni kwa nini watazamaji walewale waliocheka mtu alipochomwa pini ya nywele jichoni katika sehemu ya kwanza walikasirika mtu alipopigwa risasi katika sehemu ya mwisho. Kama tatizo lingekuwa ukatili, wangekasirika mapema. Kama lingekuwa uchovu wa uandishi, wangechoka tu na kuacha kutazama. Hasira si uchovu. Hasira huashiria kwamba jambo fulani lililokuwa limeahidiwa halikutolewa. Kwa hiyo ni lazima kutafuta ahadi hiyo ilikuwa ipi.

2. Upeo wa matarajio na ruhusa ya utani

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Hans Robert Jauss alisisitiza kuwa kazi ya sanaa haifiki kwa mpokezi aliye mtupu. Mpokezi huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozifahamu kabla, na kazi mpya huupata uzito wake kwa jinsi inavyoukubali, inavyouvunja au inavyousogeza upeo huo. Wolfgang Iser aliongeza kuwa kazi huwa na mapengo ambayo mpokezi ndiye hutakiwa kuyajaza. Mawazo hayo mawili yanasaidia kueleza kwa nini tamthilia moja huzaa maoni yanayopingana: watu hawaingii na upeo mmoja, wala hawajazi pengo kwa kitu kimoja.

Matarajio ya hadithi za ujasusi yanafahamika vema. Tangu Ian Fleming alipochapisha riwaya ya kwanza ya James Bond mwaka 1953, msomaji amezoeshwa kuona adui akifa bila kuliliwa. Msomaji wa Kiswahili naye amezoea kanuni hiyo. Katika Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, Willy Gamba huua, huponea chupuchupu na kusonga mbele, na taharuki ya riwaya haimruhusu msomaji kusimama kando ya maiti. Katika utanzu huu maiti ni alama ya hatua iliyopigwa. Killing Eve iliurithi upeo huo, lakini ikaongeza kitu ambacho utanzu wenyewe haukukiandalia nafasi: ucheshi unaochota kicheko katika kifo, ambao makala haya yanauita kwa kifupi ucheshi wa kifo.

Nadharia za Ulaya kuhusu kicheko hazimalizi suala hili. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alieleza kuwa ili mtu acheke sharti moyo wake ufe ganzi kwa muda; huruma na kicheko havikai chungu kimoja. Maelezo hayo yanawafaa wanaocheka adui wa Bond anapoanguka. Hayamfai mfiwa anayecheka huku machozi yakimtoka. Kwa mfiwa huyo, utamaduni wa utani unatoa maelezo yaliyo bora zaidi.

Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alieleza uhusiano wa utani kuwa ni ule ambao upande mmoja unaruhusiwa, na pengine kutakiwa, kuudhihaki upande wa pili, nao upande wa pili unatakiwa usikasirike. Nchini Tanzania uhusiano huu hupatikana kati ya mjukuu na babu au bibi, kati ya mashemeji na mabinamu, na pia kati ya jamii na jamii, kama vile Wachaga na Wapare au Wazaramo na Wanyamwezi. Mahali utani unapoonekana kwa ukali wake wote ni msibani. Mtani huigiza mwendo wa marehemu, huvaa nguo zake, hulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na huweza hata kujilaza kaburini akidai kuwa nafasi hiyo ni yake. Wafiwa hucheka, au angalau hawakasiriki.

Kinachosahaulika mara nyingi katika kuusimulia utani huu ni upande wake wa pili. Mtani si mpita njia aliyekuja kuchekesha. Kwa desturi za jamii nyingi yeye ndiye mwenye kazi nzito za msiba: kuchimba kaburi, kusaidia kuosha maiti, kupika na kubeba maji, na kuhakikisha kuwa mfiwa amekula. Anacheka kwa sababu amebeba. Mgeni asiye na uhusiano huo akifanya nusu ya mzaha wa mtani atafukuzwa, na pengine atatozwa faini. Kwa hiyo utani wa msibani una masharti matatu: uhusiano unaotambulika, zamu ya kujibu, na wajibu wa kuzika. Sharti la tatu ndilo linaloyabeba mengine, kwa kuwa ndilo linalothibitisha kwamba mzaha haukulenga kumfanya marehemu kuwa si kitu.

Ipo tahadhari ya kuzingatiwa. Tamthilia ya televisheni si msiba, na watayarishaji wake si watani wa mtazamaji kwa maana ya kiethnografia. Dhana ya utani inatumika hapa kama kipimo cha uhakiki: inawezesha kuuliza, katika kila kifo kinachochekesha, iwapo tamthilia imechukua sehemu yake ya mzigo.

3. Jinsi ruhusa ilivyopatikana

Onyesho la kwanza kabisa la Killing Eve liko katika mkahawa wa aiskrimu mjini Vienna. Villanelle anamtazama mtoto wa kike aliye meza ya pili, anajaribu kutabasamu, anashindwa, kisha anamwiga mhudumu ambaye mtoto amemtabasamia. Mtoto anatabasamu naye. Villanelle anasimama na, akiwa njiani kutoka, anammwagia mtoto aiskrimu yake. Hakuna anayekufa, lakini mkataba mzima umekwishawekwa: kutakuwa na ukatili, utakuja kwa ghafla, utachekesha, na mtazamaji atajikuta upande wa mkatili kabla hajapata muda wa kuamua.

Vifo vinavyofuata vinatumia mbinu hiyohiyo. Bwana mmoja tajiri wa Italia anauawa kwa pini ya nywele. Mwanamke mmoja anauawa kwa manukato. Kicheko hapa ni cha utanzu wenyewe: silaha za kiume za majasusi, bastola na magari, zimebadilishwa kwa vitu vya meza ya kujipambia. Wakubwa wa ofisi za siri hawachekwi kidogo pia. Carolyn Martens wa MI6, anayeigizwa na Fiona Shaw, anazungumzia mauaji kwa sauti ileile anayotumia kuzungumzia chakula. Kwa kadiri kicheko kinavyoelekezwa kwa wenye nguvu na kwa mazoea ya hadithi za ujasusi, mtazamaji hana sababu ya kuona kuwa kuna mtu aliyedhulumiwa.

Jaribio la kweli linakuja katika sehemu ya tatu. Bill Pargrave, bosi wa zamani wa Eve ambaye amekuwa msaidizi wake, anamfuata Villanelle ndani ya ukumbi wa muziki mjini Berlin. Bill ndiye mhusika mcheshi kuliko wote upande wa Eve. Mzaha wake ndio uliokuwa ukimstarehesha mtazamaji. Katikati ya umati unaocheza, Villanelle anageuka na kumchoma kisu tena na tena, huku Eve akijaribu bila mafanikio kupenya umati. Muziki haunyamazi. Mtazamaji aliyekuwa akicheka dakika chache nyuma anagundua kwamba mtu aliyekuwa akimchekesha amefariki.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya ni kinachofuata. Sehemu ya nne inaonyesha mazishi ya Bill. Kuna mjane, kuna wafanyakazi wenzake, kuna Eve ambaye hajui auweke wapi uchungu wake. Kwa mujibu wa upeo wa matarajio wa utanzu wa ujasusi, mazishi hayo hayakuwa ya lazima. Taharuki ingeweza kuyaruka. Tamthilia haikuyaruka. Zaidi ya hapo, kifo cha Bill kinaendelea kumwelemea Eve hadi mwisho wa msimu, pale anapolala kando ya Villanelle mjini Paris kisha kumchoma kisu tumboni. Tamthilia imezika, kwa hiyo imepata haki ya kuendelea kucheka. Sifa ambayo watazamaji wengi waliutolea msimu wa kwanza, kwamba uliweza kuchekesha na kuumiza kwa pamoja, inaweza kuelezwa kwa lugha ya utani: ulitania na ukachimba kaburi.

4. Makundi manne ya maoni

Maoni ya watazamaji kuhusu tamthilia nzima yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza halikuukubali ucheshi wa kifo tangu mwanzo. Kwa watazamaji hawa, nguo za kifahari za Villanelle na mandhari ya miji ya Ulaya viliyafanya mauaji kuwa pambo. Walilalamika pia kuwa majasusi wa tamthilia hii wanafanya makosa ambayo hakuna afisa wa kweli angeyafanya. Lalamiko hili la pili lina uzito mdogo, kwa kuwa uzembe wa ofisi za siri ni sehemu ya kejeli yenyewe. La kwanza lina uzito mkubwa. Katika mwanzo wa msimu wa pili Villanelle, akiwa majeruhi hospitalini, anazoeana na mvulana aitwaye Gabriel aliyeharibika uso katika ajali iliyowaua wazazi wake. Mvulana anasema kwamba hataki kuishi hivyo. Villanelle anamkumbatia na kumvunja shingo. Wapo walioona huruma katika tendo hilo na wapo walioona unyama. Tamthilia yenyewe haikai kando ya kitanda cha mtoto huyo kwa muda wa kutosha. Kwa kipimo cha utani, hapa ndipo deni la kwanza lilipoandikwa.

Kundi la pili lilifurahia kila kitu. Hawa waliiona tamthilia kuwa mchezo wa utanzu tangu mwanzo hadi mwisho; kwao vifo havina uzito kwa sababu wahusika ni vikaragosi vya kifahari, na anayetaka uhalisi ameingia mlango usio wake. Mtazamo huu ni wa Bergson bila kujua: moyo umekufa ganzi na kicheko kinatiririka. Udhaifu wake ni kwamba hauwezi kukieleza kifo cha Bill. Kama vifo vyote ni mchezo, mazishi ya sehemu ya nne ni kosa la watayarishaji. Lakini hata watazamaji wa kundi hili huyataja miongoni mwa mambo yaliyowafanya waendelee kutazama.

Kundi la tatu, ambalo ndilo lililotoa sauti ya hasira, lilipenda mwanzo na kujihisi limesalitiwa baadaye. Mara nyingi watazamaji hawa hueleza usaliti huo kwa kusema kwamba uandishi ulishuka. Maelezo hayo hayalingani na ushahidi wa tamthilia yenyewe. Sehemu ya tano ya msimu wa tatu, ambamo Villanelle anarudi kwa familia yake kijijini Urusi, ilisifiwa sana hata na waliokuwa wamekwisha kuukosoa msimu huo. Ndani yake kuna shamrashamra za kijiji zinazochekesha, kisha Villanelle anamuua mama yake na kuichoma nyumba. Hata hivyo anawaokoa ndugu zake wawili, anamwachia fedha yule mdogo, na mtazamaji anabaki naye ndani ya treni akipambana na uso wake mwenyewe. Kuna kicheko, kuna kifo, na kuna mtu anayeubeba mzigo. Sifa ya sehemu hiyo inaonyesha kwamba watazamaji hawakuwa wamechoka. Walikuwa wakidai sharti lilelile la msimu wa kwanza, na walipolipata walishukuru.

Kinyume chake ni tukio la msimu huohuo ambapo Niko, mume wa Eve, anachomwa uma wa shambani shingoni. Baadhi ya watazamaji walicheka, lakini ni kicheko cha mshangao kilichogeuka dharau, hasa Niko alipopona na kuendelea mbele kana kwamba jeraha lilikuwa la kupita. Mwenye kutania kwa jeraha halafu akalisahau amelifanya jeraha kuwa bure, na kila jeraha linalofuata linapungua thamani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hapa, hata usaha haukutumbuka.

Kundi la nne liliutetea mwisho. Hoja za kundi hili zinastahili sehemu yake.

5. Risasi katika mto Thames

Katika sehemu ya mwisho Eve na Villanelle wanawafikia vigogo wa kundi la siri la Kumi na Wawili ndani ya boti iliyoko mto Thames, London. Juu ya boti kuna harusi. Eve anajifanya mfungishaji ndoa na kucheza na maharusi, huku Villanelle akiua chini. Kazi inapokwisha wanakumbatiana sitahani. Risasi inampiga Villanelle. Wanaruka majini, risasi zinafuata, damu inatanda mgongoni mwa Villanelle mfano wa mabawa, Eve anaunyosha mkono bila kumfikia. Eve anaibuka peke yake, anapiga ukelele, na maneno makubwa yanayotangaza mwisho yanaijaza skrini. Ukingoni, Carolyn aliyeamuru mauaji anatoa kauli fupi ya kuridhika kwenye redio.

Watetezi wa mwisho huu wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba muuaji wa kukodiwa hawezi kuachwa astaafu kwa amani bila tamthilia kuonekana imeyasamehe mauaji yote. Ya pili ni kwamba kifo kilikuwa kimetabiriwa, na kwamba taswira ya mabawa inalipa msimu mzima wa nne ambao Villanelle aliuanza kwa kutafuta wokovu kanisani. Ya tatu, iliyotolewa na Laura Neal mwenyewe, ni kwamba kuibuka kwa Eve majini ni kuzaliwa upya. Hoja hizi si za kupuuzwa. Kwa kanuni za tanzia, kifo cha Villanelle kina mantiki: shujaa anaanguka kwa silaha ileile aliyoiishi, saa ileile anapoona heri.

Wapinzani wao waliongeza hoja ya kijamii. Televisheni ya Marekani na Uingereza ina historia ndefu ya kuwaua wahusika wanaowapenda watu wa jinsia yao, mara nyingi muda mfupi baada ya kupata furaha; kifo cha Lexa katika The 100 mwaka 2016 kiliuzusha mjadala huo kwa nguvu. Kwa watazamaji walioijua historia hiyo, risasi iliyofyatuliwa mara tu baada ya kumbatio haikuwa tukio la hadithi moja. Ilikuwa marudio. Kwa lugha ya Jauss, upeo wao wa matarajio ulijengwa pia na misiba ya nyuma ambayo nayo haikuzikwa.

Hata hivyo mjadala wa nani alistahili kufa hauligusi kikamilifu lililowaudhi wengi. Tanzia haiishi kwa kifo. Huishi kwa kifo na matanga. Mtazamaji wa tanzia hupewa muda wa kusimama mbele ya maiti, kusikia neno likisemwa, kuona aliyebaki akipokea hasara. Mwisho wa Killing Eve unampa mtazamaji mfuatano wa ramsa: furaha, risasi ya ghafla, kauli kavu ya mkubwa wa ofisi, na herufi kubwa zinazofunga mlango. Ni mpigo uleule wa aiskrimu ya Vienna. Tofauti ni kwamba mwaka 2018 aliyemwagiwa aiskrimu alikuwa mtoto ndani ya hadithi; mwaka 2022 alikuwa mtazamaji. Mwili wa Villanelle unaachwa mtoni. Bill, aliyejulikana kwa sehemu tatu tu, alipewa jeneza, mjane na waombolezaji; Villanelle, aliyejulikana kwa miaka minne, hakupewa hata dakika moja ya ukimya. Ukelele wa Eve ungeweza kuwa mwanzo wa matanga, lakini herufi zinaukata.

Hapa ndipo ucheshi wa kifo ulipopoteza ruhusa yake. Utetezi kwamba Eve amezaliwa upya unajaza pengo kwa maana ambayo picha zenyewe hazikuibeba. Unamwomba mtazamaji ayafanye mazishi nyumbani kwake. Wapo waliokubali kuyafanya, na hao ndio walioupenda mwisho. Wapo waliokataa, na kukataa kwao hakukuwa uchanga wa kisanaa. Walitambua kwamba aliyetania ameondoka kabla ya kaburi kuchimbwa.

6. Kipimo kwa mfano wa pili

Hoja inayosimama juu ya kazi moja tu ni hafifu. Kwa bahati, siku tisa kabla ya Killing Eve kumalizika, yaani tarehe 1 Aprili 2022, ilianza kuonyeshwa Slow Horses, tamthilia nyingine ya ujasusi na ucheshi wa kifo, iliyotokana na riwaya za Mick Herron. Mhusika wake mkuu, Jackson Lamb, anayeigizwa na Gary Oldman, anawasimamia maafisa wa MI5 walioharibikiwa kikazi, na matusi yake kwao hayana staha. Kwa kipimo cha lugha tu, kicheko chake ni kikatili kuliko cha Villanelle.

Hata hivyo Slow Horses haijawagawa watazamaji kwa hasira ya namna ileile, ingawa nayo inaua wahusika wapendwa. Katika msimu wa pili Min Harper anauawa. Mwenzi wake Louisa Guy hapewi faraja ya haraka. Uchungu wake unaingia hadi msimu unaofuata na kuathiri maamuzi yake. Lamb naye, anayewadhihaki maafisa wake wakiwa hai, haachi damu yao ipotee hivihivi. Yeye ni mtani katika maana kamili: anatukana na anabeba. Tofauti ya mapokezi ya tamthilia hizi mbili haitokani na kiasi cha damu wala ukali wa mzaha. Inatokana na kulipwa au kutolipwa kwa deni la msiba.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa maoni yaliyogawanyika kuhusu Killing Eve hayapaswi kusomwa kama kelele za watu wasiojua wanachotaka. Nyuma ya makundi manne kuna ubishi mmoja kuhusu masharti ya kucheka mbele ya kifo. Kundi la kwanza lilishuku kuwa masharti hayo hayatatimizwa. La pili lilikana kuwa yapo. La tatu liliyadai. La nne lilijitolea kuyatimiza kwa niaba ya tamthilia. Wote, kwa njia zao, walikuwa wakiitumia zamu ya kujibu ambayo utani humpa kila anayetaniwa.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, funzo la kimbinu ni kwamba dhana zilizomo katika maisha ya jamii zinaweza kufanya kazi ya kinadharia mbali na zilikozaliwa. Mhakiki anayeikabili kazi ya ucheshi wa kifo, iwe ya jukwaani, ya riwaya au ya televisheni, hana haja ya kuishia kwenye mizani ya ramsa na tanzia au kwenye swali la kiasi gani cha ukatili kinavumilika. Anaweza kuuliza swali ambalo wafiwa wamekuwa wakilijibu kwa vitendo katika misiba mingi: huyu anayechekesha, jembe lake liko wapi?